Bei ya Vifurushi Si Bei ya Nyumba: Hotuba kwa Wanaotaka Kujijengea Nyumba ya Kuunganisha

Ndugu mwenyekiti, wanachama wenzangu wa ushirika, kina mama na kina baba mliofika, asanteni kwa kunikaribisha.

Mmeniomba nizungumzie nyumba za kuunganisha. Ni zile ambazo kuta, nguzo na kenchi zake hukatwa kiwandani, hufungwa kwa vifurushi vyenye namba, hupakiwa kwenye lori pamoja na michoro na mifuko ya bolti, kisha mwenye nyumba na watu wake wakazisimamisha wenyewe. Swali mliloniandikia ni moja: je, kweli zinaokoa fedha? Jibu langu ni ndiyo, na nitalitetea. Zinaokoa kwa mtu aliyepiga hesabu ya nyumba nzima kabla hajalipa hata senti. Aliyepiga hesabu ya vifurushi peke yake anaweza kujikuta ametumia zaidi ya jirani yake aliyejenga kwa tofali na mwiko. Katika kazi yangu ya kusimamia ujenzi wa namna hii nimeona familia ikihamia huku akiba yao ya dharura haijaguswa. Nimeona pia fremu ikisimama bila paa msimu baada ya msimu, mbao zikigeuka rangi. Kiwanda kilikuwa kilekile na vipande vilikuwa vilevile.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika miaka ya 1830 seremala mmoja wa London, Manning, alitengeneza nyumba ya mbao ya kufungua na kufunga kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa anahamia Australia. Ilimfaa, na wengine waliokuwa wanahama wakaitaka. Manning alizingatia jambo ambalo viwanda vingine vya leo vinalisahau: hakuna kipande kilichokuwa kizito kiasi cha kumshinda mtu mmoja kukibeba. Mkionyeshwa katalogi, ulizeni kipande kizito kuliko vyote kina kilo ngapi. Kama ni paneli inayohitaji kreni, basi kreni hiyo iingie kwenye hesabu yenu, na barabara ya kuifikisha kiwanjani nayo iingie.

Baadaye biashara hii ilikua sana Marekani. Kampuni ya Sears iliuza nyumba kwa katalogi kuanzia 1908 hadi 1940, na inakadiriwa iliuza kati ya 70,000 na 75,000. Mteja alichagua mchoro, akatuma fedha, na mzigo ukaja kwa behewa la reli: mbao, madirisha, milango, misumari, rangi, maelfu kwa maelfu ya vipande. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba nyumba iliyokatwa kiwandani ilihitaji saa 352 za seremala, na nyumba ya kawaida ya ukubwa uleule saa 583. Tangazo ni la muuzaji, tulisome tukijua hivyo. Hata hivyo linatufundisha jambo kubwa kuhusu akiba inatoka wapi.

Tofauti ni saa 231. Hizo ndizo zilizouzwa, na zilikuwa saa za seremala. Saa za mwashi anayemwaga zege hazikuguswa, wala za fundi bomba, wala za fundi umeme. Tena matofali, mawe na saruji havikuwemo kwenye behewa; mteja alinunua kwao, kwa sababu kusafirisha vitu vizito hivyo kungeila faida yote. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Nyumba ya kuunganisha inakupunguzia kukata, kupima, kukosea kukata na kutupa mabaki. Inakupunguzia siku. Vitu vingine vyote unavilipa kama mjenzi mwingine yeyote.

Kwa hiyo akiba inategemea mizani ya mambo mawili: saa za fundi zinagharimu kiasi gani pale unapojenga, na kusafirisha mzigo kutoka kiwandani kunagharimu kiasi gani. Mahali ambapo fundi ni ghali na kiwanda kiko karibu, nyumba ya kuunganisha inashinda kwa mbali. Mahali ambapo fundi si ghali na kiwanda kiko ng'ambo ya bahari, mizani inageuka. Kuna mfano maarufu. Mfaransa Jean Prouvé, bingwa kabisa wa kufinyanga chuma na alumini, alibuni nyumba ya kuunganisha kwa ajili ya makoloni ya Ufaransa barani Afrika. Vipande vilikuwa vyepesi, vimepangwa viweze hata kusafirishwa kwa ndege, na hewa ilipita kati ya paa na dari ili joto lisikae ndani. Moja ilisimamishwa Niamey mwaka 1949, na mbili Brazzaville mwaka 1951. Mpango uliishia kwenye hizo tatu, kwa sababu hazikuwa rahisi kuliko nyumba zilizojengwa palepale. Zilikuwa kazi nzuri sana ya ubunifu, na mwaka 2007 mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5 kama kazi ya sanaa. Lakini haja ilikuwa makazi ya bei nafuu, na haja hiyo hazikuitimiza.

Kabla hujapenda picha ya nyumba yoyote, basi, pata bei mbili kwa maandishi: bei ya vifurushi vikiwa mlangoni mwa kiwanda, na bei ya vifurushi vikiwa chini kwenye kiwanja chako. Zinaweza kupishana sana. Na kama vinavuka mpaka, ushuru na ada za bandari vinaongezeka juu yake.

Sasa tuje kwenye yale yasiyokuja na lori. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapozama.

Chukueni nyumba ndogo, mita 8 kwa mita 6. Jamvi lake la zege lenye unene wa sentimita 10 linahitaji zege mita za ujazo 4.8. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban tani 2.4, kwa hiyo jamvi hilo ni tani 11 na nusu, na hapo sijagusa msingi wa chini, kifusi na nondo. Uzito wote huo hauko kwenye katalogi. Kuna kusafisha na kusawazisha kiwanja. Kuna kupima udongo, kwa sababu udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa unaweza kuhitaji msingi wenye gharama mara mbili ya ulioufikiria. Kuna michoro iliyopitishwa na mhandisi, kibali, na ukaguzi. Kuna maji kuingia na majitaka kutoka. Kuna umeme kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita. Kuna ngazi za mlangoni, mifereji ya paa, vigae vya bafuni, sinki, makabati ya jikoni. Na kuna pango unaloendelea kulipa unapoishi leo, mwezi kwa mwezi, hadi siku ya kuhama. Katika hesabu nyingi zilizopita mikononi mwangu, vifurushi havikufika nusu ya fedha iliyotumika hadi watu walipolala ndani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari kabla ya nyumba. Upande mmoja andikeni kila kilichomo kwenye orodha ya kiwanda, neno kwa neno, kwa sababu kuna viwanda vinavyoita fremu tupu "nyumba", na vingine vinavyohesabu mpaka vitasa. Upande wa pili andikeni kila kitu ambacho nyumba iliyokamilika inacho na ambacho hakimo kwenye orodha ile. Pigeni bei ya upande wa pili kwa kuuliza wauzaji, msikisie. Halafu wekeni akiba ya dharura juu ya jumla. Mimi sianzi kazi na familia ambayo haina angalau sehemu moja ya kumi pembeni. Hapo ndipo mlinganishe na bei ya mkandarasi wa kawaida, nyumba kamili kwa nyumba kamili.

Najua wengi mlitaka nianze na kazi ya mikono, nitafika. Lakini kwanza msingi, kwa sababu msingi ndio unaoamua kama kazi hiyo ya mikono itakuwa ya raha au ya machozi.

Fundi wa tofali anaweza kuficha kosa la msingi. Kona ikiwa imekwenda kombo sentimita tatu, atalipotezea kwenye udongo wa kati ya tofali na tofali, halafu plasta itafunika. Kipande kilichokatwa kiwandani hakina pa kufichia. Kimekatwa kikiamini kwamba jamvi lako lina mraba kamili na usawa kamili. Mashimo ya bolti yanataka kukutana, na yasipokutana utaanza kutoboa mapya, kusaga, kubandika vipande vya mbao chini ya nguzo. Kila saa ya kazi hiyo inatoka kwenye zile saa ulizonunua.

Tazameni inavyofanyika. Umepigilia vigingi vinne na kufunga kamba. Upande mrefu mita 8, upande mfupi mita 6, umepima mara mbili na vipimo viko sawa. Watu wengi huishia hapo, na hapo kazi iko nusu. Mpe mwenzako mwanzo wa futi aushike kwenye kona moja, wewe nenda kona inayoikabili kwa mshazari, vuta futi hadi ikaze, soma. Kwa nyumba hii inatakiwa isome mita 10 kamili. Kisha hamieni kona nyingine mbili, pimeni tena. Ni mita 10 tena? Umepata mraba. Ikisoma 10.03 huku na 9.97 kule, pande zako zote nne ziko sahihi na bado nyumba imelala upande: kona imesogea karibu sentimita 4 kutoka mahali pake. Sentimita 4 hizo huzioni kwenye kamba. Utaziona siku ya kupaua, ambapo bati la kwanza litakaa vizuri, na la mwisho litakuwa limeacha pembe wazi upande mmoja huku limezidi upande wa pili. Sogezeni vigingi viwili, pimeni upya, rudieni hadi kona kwa kona zilingane. Kazi hiyo haigharimu chochote zaidi ya asubuhi moja na subira.

Usawa nao ni hivyohivyo. Mpira mrefu unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila mapovu ya hewa, unatosha kulinganisha kona zote nne, kwa sababu maji ya pande mbili yakitulia yako kimo kimoja. Soma kwenye michoro ya kiwanda tofauti wanayoikubali; aghalabu ni milimita chache tu. Bolti za kushikia nguzo zikizamishwa kwenye zege bichi, zishikwe na kiolezo cha ubao chenye mashimo yaleyale ya kitako cha nguzo, zisiachwe zielee. Na zege likishamwagwa, limwagiwe maji na kufunikwa angalau siku 7, maana nguvu inayohesabiwa na wahandisi ni ya siku 28. Jamvi linaloachwa likauke juani siku ya pili linapasuka na kutoa vumbi, na bolti iliyoshikwa na zege dhaifu hulegea siku ya upepo.

Upepo usichukuliwe kimzaha. Nyumba ya tofali inajishikilia kwa uzito wake. Nyumba nyingi za kuunganisha ni nyepesi, na upepo mkali unaziinua zaidi ya kuzisukuma. Ndiyo sababu kiwanda kinaweka vyuma vya kufunga kenchi kwenye ukuta, ukuta kwenye nguzo, na nguzo kwenye msingi. Mnyororo huo usikatike popote. Kila mara mtu anaponiambia "zilibaki bolti chache, tukaona si lazima", mimi huomba ngazi nipande nikatazame. Vilevile mbao au vyuma vya mshazari vinavyozuia fremu isilale upande vifungwe kuta zinaposimama, siku hiyohiyo, visiachwe hadi paa likamilike.

Ratiba ya lori sasa. Msingi ukauke kwanza, ndipo lori liitwe. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu kiwanda kinawahimiza wapokee mzigo, na mzigo unakaa kiwanjani wiki kwa wiki ukila mvua na kuvuta wezi. Lori likifika, dereva asiondoke kabla hamjahesabu kila kifurushi kwa karatasi yake. Kinachokosekana na kilichovunjika kiandikwe kwenye hati ya mapokezi, naye atie sahihi, na kipigwe picha hapohapo. Vifurushi vilazwe juu ya boriti, visiguse ardhi, vifunikwe kwa turubai lenye upenyo wa hewa pembeni. Na vipangwe kwa kufuata kazi: vya paa chini kabisa, vya sakafu juu. Kiwanda kimoja cha Marekani, Lustron, kilichotengeneza nyumba za chuma cha enameli miaka ya 1948 hadi 1950, kilipakia kila nyumba kwenye trela maalumu kwa mpangilio wa ujenzi, kipande cha kwanza kutumika kikiwa cha kwanza kushuka. Kila nyumba yao ilikuwa na vipande kama 3,000. Bila mpangilio ule mafundi wangeshinda wanatafuta.

Haya, kazi ya mikono. Mwenye nyumba asiye fundi anaweza kufanya mengi kuliko anavyoambiwa. Kupaka rangi, kupachika nyenzo za kuzuia joto, kufunga mbao za sakafu, kufunga silingi bodi, kuziba viungo, kusafisha, kubeba, kushika ngazi. Akiwa na mtu mmoja anayesoma michoro vizuri, ataweza pia kusimamisha fremu. Tunayo mifano ya watu wa kawaida kabisa. Msanifu majengo Walter Segal, mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi London, alijenga nyumba ya muda katika bustani yake mwaka 1963. Ilichukua wiki mbili tu. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, halmashauri ya Lewisham huko London ilitoa viwanja vya miteremko vilivyoonekana havifai kwa ujenzi wa kawaida, na familia zilizokuwa kwenye foleni ya makazi zikajijengea humo kwa njia yake. Walikuwa watu wasio na ujuzi wa ujenzi.

Siri ya Segal inastahili kuelezwa, kwa sababu inaweza kuwaokoa fedha hata msiponunua kwa kiwanda chochote. Alipanga vipimo vya nyumba vifuate vipimo vya mbao na bodi jinsi zinavyouzwa dukani. Kama bodi inakuja na upana wa mita 1.2, basi nguzo zinasimama kwa nafasi inayoipokea bodi nzima bila kukatwa. Fremu ni ya mbao na bolti, nguzo zinakaa juu ya vitako vidogo vya zege vinavyofuata mteremko, kwa hiyo hakuna kuchimba kilima wala kumwaga jamvi kubwa. Plasta hakuna. Bodi ikiharibika baada ya miaka kumi, unafungua, unaweka nyingine ya dukani. Mimi nikiombwa kuchagua kati ya kiwanda kinachotumia vipimo vya kawaida vya soko na kile chenye vipimo vyake pekee, nachagua cha kwanza hata kama ni ghali kidogo.

Sababu yake ni hiyo Lustron niliyoitaja. Nyumba zao zilikuwa imara, rangi yake haikuhitaji kupakwa upya, na nyingi zimedumu. Lakini kampuni ilifilisika mwaka 1950 baada ya kutengeneza nyumba zipatazo 2,500. Tangu siku hiyo aliyevunja paneli moja ya ukuta alilazimika kutafuta nyumba nyingine ya Lustron inayobomolewa ili apate kipande. Unaponunua nyumba ambayo kila kipande chake kinatoka kwa mtu mmoja tu, umefunga ndoa na mtu huyo.

Kuna kazi za kuacha kwa wenyewe. Umeme wa nyumba, gesi, na mabadiliko yoyote ya nguzo au kenchi viachwe kwa wenye leseni. Usikate kenchi ili kupitisha bomba, hata kama fundi bomba anasema ni kidogo. Na ukikata mbao iliyowekwa dawa, ipake dawa upya pale ulipokata, kwa sababu dawa mara nyingi haifiki katikati ya mbao, na mchwa wanaanzia hapo. Acha nafasi inayoonekana kati ya udongo na mbao ya chini, ili njia ya mchwa ikijengwa uione.

Tena uwe mkweli na saa zako mwenyewe. Likizo isiyolipwa ni gharama, iandike kwenye daftari. Ukijenga jioni na mwisho wa wiki, miezi inazidi, na pango linazidi pamoja nayo. Wapo ambao hesabu inawaambia wabaki kazini walipe kikundi cha mafundi wawasimamishie fremu na paa kwa siku chache, kisha wao wamalizie ndani taratibu. Huo ni uamuzi wa busara kabisa. Nyumba ikishafungwa juu na pembeni, mvua haina haraka nawe tena.

Umbo nalo lina bei. Nyumba ya 8 kwa 6 ina mita za mraba 48, kuta za nje mita 28, kona nne, na paa la migongo miwili. Chukua umbo la herufi L lenye eneo hilohilo: 9 kwa 6, likiwa limekatwa kona ya 3 kwa 2. Eneo bado ni 48, kuta zimekuwa mita 30, kona zimekuwa sita, na paa limepata bonde ambalo maji yote yatakimbilia. Umelipa zaidi upate nafasi ileile, pamoja na mahali pa kuvuja. Na dirisha lisogezwe kwenye karatasi, kabla kiwanda hakijakata. Baada ya hapo kila badiliko ni ankara mpya.

Mwisho, namna ya kulipa. Msilipe bei yote mbele. Amana iwe ndogo, sehemu inayofuata ilipwe kazi ya kiwandani ikithibitishwa imefanyika, na kiasi cha maana kibaki hadi mzigo uhesabiwe kiwanjani. Kama inawezekana, fedha ikae kwa mtu wa tatu anayeaminika na pande zote, itoke kwa hatua. Kiwanda kikifilisika na fedha yako iko ndani, unasimama mwisho wa foleni ya wadai. Kwa mkopo, muulizeni mkopeshaji mapema kama anatoa fedha wakati vipande viko bado kiwandani, maana wengi hutoa kwa kukagua kilichosimama ardhini, huku kiwanda kinataka kulipwa kabla ya kukata. Pengo hilo limesimamisha nyumba nyingi. Wala msikope kwa sababu tu muuzaji mwenyewe ndiye anayekopesha. Sears nao walikopesha wateja wao kwa urahisi mkubwa. Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 ulipoingia, wakajikuta wakiwanyang'anya nyumba watu walewale walioziunganisha kwa mikono yao.

Nimeleta orodha ya vitu visivyokuja na lori, kurasa mbili, na nakala zipo mezani kwa katibu. Ijazeni kwa bei za pale mnapotaka kujenga. Mwenye bei ya kiwanda tayari mkononi aje nayo sasa hivi pamoja na vipimo vya kiwanja chake, tukae tuipige pamoja hadi upande wa pili wa daftari ukamilike. Karibuni maswali.